Kati ya Kengele na Gereza

Ukipanda matatu ya Kisauni kutoka mjini, ukishavuka daraja la Nyali tu, makanga hugonga bodi ya gari na kuuliza, "Kengeleni yuko?" Wanaoshuka hapo huwa mbioni kuingia soko la Kongowea. Miaka yote hii sijamwona hata mmoja akisimama kuitazama kengele iliyopapa mahali pale jina. Imekaa kwenye mnara wake mdogo kando ya barabara, kama abiria aliyeachwa na gari la mwisho.

Ukiendelea kaskazini kwa barabara ya Malindi utafika Shanzu, kwenye gereza la Shimo la Tewa. Tewa ni samaki wa miambani, anayejificha shimoni akingoja riziki impitie, na sijui ni nani aliyeona jina hilo linafaa jela. Magogoni yetu iko kati ya hivyo viwili: kengele upande wa mjini, gereza upande wa Mtwapa. Kengele ililetwa na habari za manowari za karne ya 19. Gereza limepokea watu wa manowari za karne ya 21. Sisi wa katikati tumezoea kuviona vyote viwili kama alama za kushukia tu.

Nimeanza na ramani ya matatu kwa sababu maandishi mengi kuhusu ulinzi wa Bahari ya Hindi huanza na idadi ya meli, urefu wa mizinga na jina la admirali. Mimi nataka kulinganisha mapokeo ya ulinzi huo kwa swali la mchukuzi: wakishakamata, mzigo huushusha wapi?

Kwanza niondoe utata wa jina. Ukisema Magogoni na wanamaji katika sentensi moja hapa Kenya, watu hudhani unazungumzia kambi ya Jeshi la Wanamaji iliyoko Manda, Lamu. Ukilitaja Dar es Salaam, wanafikiri Ikulu na kivuko cha Kigamboni. Pwani ina Magogoni nyingi kwa kuwa ilikuwa na magogo mengi. Yetu ni wadi ya Kisauni, haina kambi wala ikulu. Ina visima vya maji ya chumvi, misikiti, na vijana wengi wasio na kazi.

*

Kiswahili chenyewe kimetunza kumbukumbu ya waliokuja na meli za vita. Bendera ni neno la Wareno. Gereza nalo lilitokana na neno lao la kanisa. Ngome ya Yesu ilikuwa na kanisa ndani, na baadaye, tangu 1895 hadi 1958, ilikuwa jela, neno na jengo vikakutana. Manowari tuliisikia kwa mabaharia wa Kiingereza tukaikatia mdomo wetu. Haramia ni la Kiarabu, na nahodha lilitoka Uajemi. Lakini ukiingia chomboni na kuuliza kinachoendesha kazi yenyewe, yaani tanga, kamba, maji, utajibiwa kwa maneno ya Kibantu ya hapa hapa. Ndivyo historia yetu ilivyo: kazi ni ya wenyeji, na wa kuikagua walitoka nje.

Kabla ya wakaguzi kulikuwa na nini? Sipendi simulizi kwamba bahari hii ilikuwa pepo kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Mombasa Aprili 1498. Wezi walikuwako. Ibn Battuta, aliyelala usiku mmoja Mombasa mwaka 1331, baadaye aliporwa mali zake zote kwenye pwani ya Malabar. Yeye huyo ndiye aliyeeleza kwamba dhamana ya usalama wa vyombo katika bahari ile walikuwa Wahabeshi, na kwamba maharamia wakijua yumo hata mmoja tu, hukaa mbali. Hilo si jambo dogo. Mlinzi alisafiri ndani ya chombo, pamoja na mali na abiria, na chombo kikizama anazama nacho. Mfalme wa Kilwa au wa Mombasa hakutuma kikosi kupiga doria kwenye maji makuu. Alichoahidi ni amani ya bandari: ukitia nanga kwangu na kulipa ushuru, mali yako na shingo yako viko chini yangu. Nje ya mlango wa bandari kila nahodha alijua lake.

Sheria ya Kiislamu, iliyokuwa lugha ya pamoja kutoka Sofala hadi Surat, ilimhesabu mnyang'anyi wa baharini sawa na mkata njia wa nchi kavu. Adhabu yake ni kali, hilo linajulikana. Lakini imemwachia mlango mmoja: akitubu kabla hujamtia mkononi, adhabu hiyo humwondokea, zikabaki haki za watu aliowadhulumu. Ulaya ilirithi fikra nyingine kutoka kwa Warumi, kwamba haramia ni adui wa wanadamu wote na taifa lolote laweza kumshika popote. Mapokeo ya kwanza yanauliza amemdhulumu nani. Ya pili hayahitaji kumjua aliyedhulumiwa, kwa kuwa wote tumehesabiwa humo, hata kama hatukuulizwa.

*

Wareno walileta karatasi. Iliitwa cartaz, hati ya kupita baharini, ikitaja nahodha, silaha zilizomo, na bidhaa ambazo chombo hakiruhusiwi kubeba, pilipili manga ikiwa mojawapo. Chombo kisichokuwa nayo kilikuwa halali kukamatwa. Hebu fikiria nahodha wa Pate ambaye babu yake na babu wa babu yake walivuka kwa kaskazi na kurudi kwa kusi bila kuomba ruhusa ya mtu, sasa anaambiwa amekuwa mhalifu kwa kukosa karatasi ya mgeni. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliichoma moto meli ya mahujaji iliyokuwa ikitoka Makka, ikiwa na wanawake na watoto. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuchoma mji wa Mombasa. Kwa macho ya watu wa Mombasa, mlinzi na haramia walikuwa mtu mmoja mwenye bendera.

Wareno, kwa upande wao, waliona wanalinda. Mwaka 1589, Ali Bey, Mturuki aliyekuwa amejiimarisha Mombasa, alikutwa na merikebu za Tomé de Sousa Coutinho kutoka Goa upande wa bahari, na Wazimba upande wa bara. Miaka 4 baadaye ujenzi wa Ngome ukaanza. Mzigo wa Wareno, basi, ulishushwa kisiwani na ukabaki pale kwa kuta za matumbawe.

Karne iliyofuata, mwanasheria wa Kiholanzi Hugo Grotius aliandika kitabu Mare Liberum, kilichochapishwa 1609, akitetea kwamba bahari haimilikiwi na mtu. Ni hoja nzuri, na wanasheria wa bahari huinukuu mpaka leo. Mara chache hukumbushwa kwamba aliajiriwa na kampuni ya Waholanzi baada ya watu wake kuteka meli ya Wareno, Santa Catarina, mwaka 1603. Uhuru wa bahari ulitetewa kwanza na wakili wa waliokuwa wamekwisha chukua mali.

*

Waingereza wanahitaji nafasi zaidi, maana hao ndio walioshusha mzigo Kisauni.

Baada ya mikataba ya 1822 na 1845 iliyobana biashara ya watumwa bila kuikomesha, Sir Bartle Frere alitumwa Unguja, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said akatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa na kuzuia kuwasafirisha baharini. Meli kuukuu HMS London ikatiwa nanga Unguja kuwa kituo, na mashua zake zikatawanyika hadi Pemba kuvizia majahazi. Doria ilifuata pepo, kama kila kitu katika bahari hii. Kusi ilipoanza kuvuma, majahazi ya kaskazini yalitanda tanga kurudi Uarabuni, na hapo ndipo kukamata kulipokuwa kwingi.

Mabaharia wale walilipwa kwa kukamata. Serikali yao ilitoa bahashishi kwa kila mtumwa aliyekombolewa, au kwa ukubwa wa chombo kwa tani. Jahazi lililodaiwa kuwa bovu mno kufikishwa mahakamani lilichomwa pale pale baharini, na tani zake zikahesabiwa na yule yule aliyelichoma. Wenye vyombo wa pwani walilalamika kwamba majahazi halali yenye mabaharia watumwa wawili watatu, au yenye abiria tu, yaliteketezwa kwa njia hiyo, na hata maofisa wa Kiingereza wa Unguja walikiri kuwa mambo hayo yalitokea. Sisemi haya kuwatetea wauza watu. Nimekulia jirani na wajukuu wa waliouzwa. Nasema tu kwamba katika mapokeo ya Kiingereza wema na fungu la nyara vilipanda mashua moja, na si rahisi kujua nani alishika usukani.

Halafu kulikuwa na suala la bendera. Majahazi mengi ya Sur, Oman, yalipata hati za Kifaransa na kupeperusha bendera ya Ufaransa, na Ufaransa haikukubali meli yenye bendera yake ipekuliwe na Mwingereza. Desemba 1881, Kapteni Charles Brownrigg wa HMS London aliliona jahazi lenye bendera hiyo karibu na Pemba. Alilisogelea kukagua hati tu, si kulipanda kwa nguvu, kwa hiyo watu wake hawakujiweka tayari kwa vita. Hindi bin Khatim na wenzake waliokuwa jahazini wakafyatua bunduki. Brownrigg alipigana kwa kitako cha bunduki yake mpaka akafa. Mzozo wa bendera hizo ulifika mahakama ya usuluhishi ya The Hague, na mwaka 1905 ikatoa uamuzi kuhusu nani katika raia wa Sultani wa Muscat alistahili kupewa bendera ya Kifaransa na nani hakustahili. Wanamaji wa leo wanapopanda jahazi lisilo na bendera kwenye Bahari ya Uarabu kwa hoja kwamba halina taifa, wanakanyaga ubao ule ule.

Na waliokombolewa je? Makao yao yalikuwa mbali, kwa Wayao, Wamakua na Wanyasa, na njia ya kuwarudisha ndiyo ile ile iliyojaa wanaokamata watu. Wengine walipelekwa Bombay na Nasik, Shelisheli, Aden. Mwaka 1875 wamisionari wa CMS, chini ya William Salter Price, walifungua kijiji upande wa pili wa maji kutoka kisiwa cha Mombasa, wakakiita Freretown, kwa jina la Frere. Manowari zikaanza kushusha watu. Walipokelewa na wenzao waliotangulia kukombolewa, wale walioletwa kutoka India wakiwa wamesomeshwa ufundi na Kiingereza. Kengele iliwekwa kuwahadharisha: ikilia, ujue wenye watumwa wanakuja kudai mali yao.

Ulinzi wa bahari, kwa hiyo, uliishia kuwafikisha watu nchi kavu na kuwaachia kengele. Manowari ilirudi Unguja kutafuta jahazi jingine. Kazi ya kuishi na waliookolewa, na pia na majirani waliokasirika, iliachiwa Kisauni.

*

Sasa tuje kwa manowari za enzi yetu. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Marekani na washirika wake walianzisha muungano wa majeshi ya majini unaojulikana kwa kifupi CMF, makao yake Bahrain. Leo una mataifa zaidi ya 40, Kenya na Shelisheli zikiwamo. Chini yake kuna vikosi kazi vitano. Cha 150 hushughulika na usalama wa bahari nje ya Ghuba, ambako kwa vitendo kazi yake kubwa imekuwa dawa za kulevya na silaha. Cha 151 kiliundwa Januari 2009 kwa ajili ya maharamia. Cha 152 kiko Ghuba ya Uajemi, cha 153 Bahari ya Shamu, na cha 154 hufundisha.

Anayetaka kuelewa muungano huu aache vitabu vya kijeshi, aende akakae na kina mama wa chama chochote hapa Magogoni. Hakuna anayelazimishwa. Kila mmoja huleta alichonacho, mwingine meli, mwingine ndege, mwingine ofisa mmoja tu na kompyuta yake. Uongozi huzunguka: leo Pakistani, kesho Ufaransa, keshokutwa Uturuki au Japani. Mwanachama akiambiwa afanye jambo ambalo sheria za kwao hazimruhusu, hulikataa na chama hakivunjiki. Uzuri wake uko hapo, na upungufu wake pia, kwa maana chama cha namna hiyo kina mweka hazina lakini hakina hakimu.

Mombasa iliingia katika habari hizi mapema. Juni 2005 meli Semlow, ya kampuni ya hapa hapa, ilitekwa ikiwa na tani 850 za mchele wa Shirika la Chakula Duniani, ikashikiliwa kwa siku kama mia. Septemba 2008 ikatekwa Faina ikiwa na vifaru 33 inakuja Mombasa, na Andrew Mwangura, aliyekuwa akiendesha shirika la kusaidia mabaharia mjini humu, akakamatwa kwa kusema vifaru hivyo vilikuwa vya Sudan Kusini. Novemba Sirius Star, shehena yake mafuta, ikachukuliwa kusini-mashariki mwa Mombasa kwenye maji makuu kabisa. Aprili 2009 ikawa zamu ya Maersk Alabama, nayo safari yake ilikuwa ya kuja kwetu. Umoja wa Ulaya ulikuwa umekwisha anzisha operesheni Atalanta Desemba 2008, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kusindikiza meli za chakula kwenda Somalia, nyingi zikitokea bandarini Kilindini. China ilikuja mwezi huo huo, peke yake. India ilifanya doria yake. Wachina hawakujiunga na chama cha Bahrain. Walipanga safari za kusindikiza, meli zikifuatana nyuma yao kama kondoo. Watu wa Malindi waliozoea hadithi ya twiga aliyepelekwa kwa mfalme wa Ming karne ya 15 hawakushangaa kuona merikebu za Kichina zimerudi.

Maharamia wenyewe walikuwa na maelezo yao. Walijiita walinzi wa bahari, wakidai wanawafukuza wavuvi haramu wa kigeni. Dai hilo lilikuwa na ukweli mwanzoni na uongo mwingi baadaye, maana mchele wa Semlow haukuwa ukivua samaki wa mtu. Lakini kwa uhakiki huu ni dai la maana: linarudisha lugha ya amani ya bandari. Anayekaa pwani anadai haki ya kuwauliza wanaopita. Vikosi vya kimataifa, kinyume chake, vililinda njia. Mwaka 2009 ulitengwa ushoroba kwenye Ghuba ya Aden, meli zikatakiwa kujiandikisha, kutoa taarifa, na kuwasha chombo kinachoonyesha zilipo. Nikiusoma utaratibu huo, naiona cartaz imevaa nguo za kisasa: aonekanaye ni halali, asiyeonekana ni mshukiwa. Ngalawa haina chombo hicho. Jahazi la mbao pia, mara nyingi, halina. Februari 2012 walinzi wa Kiitaliano waliokuwa kwenye meli ya mafuta Enrica Lexie waliwaua kwa risasi wavuvi wawili wa Kihindi nje ya Kerala, wakiwadhania maharamia.

Mwaka 2011 yalihesabiwa mashambulizi 237 ya maharamia wa Kisomali. Mwaka 2012 yalishuka hadi 75. Manowari zina sehemu yake katika hilo. Walinzi wenye bunduki waliopandishwa kwenye meli za biashara wana sehemu yao pia, pengine kubwa kuliko inayokiriwa Bahrain, na hapo namkumbuka Ibn Battuta na Mhabeshi wake mmoja.

Na waliokamatwa? Januari 2006 manowari ya Marekani USS Winston S. Churchill iliwakamata Wasomali 10 waliokuwa wameteka jahazi la Kihindi, Safina Al Bisarat, nao wakaletwa Mombasa. Walihukumiwa mwaka huo huo kifungo cha miaka 7 kila mmoja. Njia ikapatikana. Kati ya Desemba 2008 na Machi 2009 Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza, Marekani na Umoja wa Ulaya ya kuwapokea washukiwa. Mataifa yaliyokuwa na manowari za mabilioni hayakutaka haramia mmoja asimame mbele ya hakimu wao, asije akaomba hifadhi akishamaliza kifungo. Wakaletwa Shimo la Tewa. Mwaka 2009 na 2010 walizidi mia, na Juni 2010 ukafunguliwa ukumbi wa mahakama kwenye eneo la gereza kwa msaada wa Umoja wa Mataifa.

Mchuma janga hula na wa kwao, walisema wahenga. Hili janga lilichumwa Ghuba ya Aden, na wa kulila wakawa watu wa Shanzu. Mwaka 2010 serikali ya Kenya ilisema mzigo umeizidi ikaanza kujitoa katika makubaliano. Novemba mwaka huo Jaji Mohammed Ibrahim wa Mahakama Kuu ya Mombasa aliwafutia kesi washukiwa 9, akisema mahakama zetu hazina mamlaka juu ya yaliyotendwa nje ya maji ya Kenya. Oktoba 2012 Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Wanasheria huusoma mzozo huo kama ubishi wa vifungu, na ni kweli vifungu vilikuwa vimebadilishwa mwaka 2009 na sheria mpya ya meli. Mimi naona ndani yake mapokeo mawili tuliyoyataja yakikutana kortini. Jaji aliuliza swali la bandari: haya yalitendeka ndani ya amani ya nani? Mahakama ya Rufani ikajibu kwa lugha ya Warumi.

Hata hivyo, nikilinganisha Freretown na Shimo la Tewa, nawapa Waingereza wa 1875 alama moja zaidi. Walishusha watu, wakawapa ardhi, shule na jina. Sisi tulishushiwa mahabusu na faili.

*

Kwa dawa za kulevya, manowari za muungano hazishushi kitu kabisa.

Aprili 2014, meli ya Australia HMAS Darwin, ikiwa chini ya kikosi cha 150, ilipekua jahazi kiasi cha maili 27 za bahari kutoka Mombasa. Ndani ya magunia ilikuta kilo 1,032 za heroini. Haikuwa imewahi kukamatwa heroini nyingi kiasi hicho na kikosi chochote cha muungano ule kabla ya siku hiyo. Maili 27 si mbali. Wavuvi wetu wa mishipi hawafiki huko, lakini usiku wa giza mtu akisimama ufukweni Bamburi anaweza kudhani anaziona taa.

Desturi ya muungano ni kupima, kupiga picha, kuandika, kisha kuimwaga shehena baharini. Mabaharia wa jahazi hawashtakiwi, kwa kuwa chama hakina hakimu. Miezi 3 baadaye serikali ya Kenya ilikamata meli nyingine, Amin Darya, ikiwa na heroini kilo 370 hivi, na mwishoni mwa Agosti Rais Uhuru Kenyatta akashuhudia ikilipuliwa baharini. Mtindo ukawa mmoja, wa mgeni na wa mwenyeji: bahari ipewe imeze.

Hapa stendi kuna kijana nitakayemwita tu mwana wa jirani. Alikuwa akiitia magari abiria, akipewa mbao, yaani shilingi ishirini, na makanga, na mbao nne tano zikikutana zinakwenda kwenye unga. Siku hizi huamka alfajiri kwenda kunywa methadoni, amesimama foleni na wenzake, kikombe kidogo cha plastiki, muuguzi anamtazama mpaka ameze na aseme neno, kuhakikisha hakuficha mdomoni. Kisha anarudi stendi. Nimemwona mara moja akinisimulia, kwa vidole vyake vilivyonyooka kidogo siku hizi, namna kikombe kinavyoshikwa. Hajui kikosi cha 150 ni nini. Kwa hesabu za Bahrain, kilo zile 1,032 ni ushindi, na ni ushindi kweli. Kwa hesabu za stendi, hakuna aliyeona bei ikipanda.

Niliwahi kumsomea habari ya Darwin ami yangu, baharia wa zamani, aliyesafiri na majahazi ya Lamu kabla ya kuhamia kwenye matagi bandarini. Alikuwa barazani, kanzu ameikunja magotini, anashona jarife la mjukuu wake. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Hizo manowari za mataifa, zilikuwa ngapi?"

"Ile iliyokamata ni moja tu, ami."

"Na hiyo mali wameitosa?"

"Wameitosa."

"Na wale waliokuwa mle chomboni?"

Nikamwambia kwamba kwa desturi huachiwa na chombo chao. Akaukata uzi kwa meno, akaangalia minazi iliyokuwa ikiinama kuelekea bara.

"Mwezi gani huo umesema?"

"Aprili, mwisho mwisho."

"Basi kusi ilikuwa imeshaanza," akasema. "Ilikuwa ni kutanda tu, wende zao."